Pindo, mji na jina: kupamba picha kwa kanga ndani ya kompyuta

Kanga ina mambo matatu: pindo, mji na jina. Pindo huzunguka pande zote nne, mji hukaa katikati, na jina huandikwa ndani ya mji, karibu na pindo la chini. Hayo nilifundishwa na mama nikiwa mdogo, kibarazani kwetu Ngamiani, Tanga, siku alizokuwa akikata doti na kukunja ncha. Leo nina duka dogo la kuchapa na kupamba picha, na kila ninapofungua picha ya mtu kwenye kompyuta, hayo matatu ndiyo ninayoanza kuyatafuta. Uso wa mtu ni mji. Urembo ni wa pindoni. Maneno nayo yana mahali pake, na kwa kuwa watu watayasoma, yanapimwa kabla hayajaandikwa.

Nashikilia hivyo kwa sababu picha nyingi ninazoletewa zimekwisha kupambwa kwa simu. Mawaridi yamemfunika bibi harusi masikio, vipepeo vimetua kwenye paji la uso, vinyota vimejaa hata hujui mtoto anacheka au analia. Mwenye picha ananiuliza kama naweza kuvitoa. Mara nyingi siwezi. Picha ikishahifadhiwa na pambo juu yake, kilichokuwa chini kimekwenda na hakirudi. Kwa hiyo la kwanza kabisa, kabla hujagusa chochote: nakili faili la asili uliweke mahali pengine, na hilo usilifungue tena kwa kazi.

Nitaeleza picha moja tu, tangu ilipofika dukani hadi ilipotoka.

Mfungo Mosi uliopita binti mmoja aliniletea picha aliyopigwa akiwa na bibi yake asubuhi ya pili ya harusi. Wamekaa kwenye mkeka, bibi amemshika mkono, binti amejifunga kisutu chake, ile kanga ya harusi ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nyuma yao ukuta, waya wa umeme unaning'inia, na pembeni kuna ndoo ya bluu. Alitaka zawadi ya kumtundikia bibi ukutani, inchi 8 kwa 10, "yenye maua maua". Nikamwuliza kisutu kiko wapi. Kesho yake akakileta ndani ya kikapu, kimefuliwa na kupigwa pasi.

Picha ilikuwa imenijia kwa WhatsApp, pikseli 1600 kwa 1200, yaani vile vidoti vya rangi vinavyounda picha. Ukiichapa kwa ukubwa wa kadi inapendeza, lakini ukutani inaanza kuonyesha ukungu. Nikamwomba mdogo wake aliyeipiga anitumie tena, safari hii kama dokumenti badala ya picha, maana ikienda kama picha programu huibana. Ikaja na pikseli 4000 kwa 3000. Usione haya kumsumbua mteja kwa jambo hili. Hakuna pambo linaloponya picha iliyobanwa.

Hesabu ya ukubwa ni nyepesi. Kwa chapa nzuri ninahesabu pikseli 300 kwa kila inchi, hivyo inchi 10 kwa 8 ni pikseli 3000 kwa 2400. Nikitoa inchi moja ya pindo kila upande, katikati panabaki dirisha la 2400 kwa 1800, yaani nne kwa tatu, ambao ndio uwiano wa picha nyingi za simu. Picha inaingia nzima bila kumkata mtu kiwiko. Nilipogundua hilo nilifurahi kweli, na tangu hapo fremu zangu za inchi 8 kwa 10 zote zina pindo la inchi moja.

Programu ninayotumia ni GIMP. Haina malipo, na inakaa kwenye Windows, Linux na Mac. Waliianzisha wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1995, Spencer Kimball na Peter Mattis. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025, na lililonipendeza humo ni kwamba vichujio vingi sasa hubaki vikisubiri: ukiweka kivuli leo, kesho unaweza kukirekebisha. Ila kazi hii yote inawezekana pia kwenye toleo la 2.10, na kompyuta yangu ya mapajani yenye RAM ya GB 4 inaibeba. Majina ya menyu nitayaandika kama yalivyo kwenye skrini ili usipotee.

Anza na picha yenyewe. Kama ukuta umelala upande, inyooshe kwa zana ya kuzungusha, Shift na R, kisha kata ncha zilizobaki wazi huku ukishikilia uwiano wa 4:3. Halafu nenda Colors, chagua Levels. Utaona mchoro kama vilima, na chini yake pembetatu tatu. Ile ya kati ndiyo ninayoigusa zaidi. Ukiisogeza kushoto kidogo, namba yake ikapanda kutoka 1.00 hadi 1.15 au 1.20, uso uliokaa kivulini unafunguka bila ukuta kuungua kwa mwanga. Bibi yule alikuwa amejitanda ushungi mweusi, na macho yake yalipotea. Kwa 1.20 yakarudi.

Hapo ndipo ninaposimama. Mwaka wangu wa kwanza wa duka nilikubali kumng'arisha mtu. Mteja aliomba dada yake awe "mweupe kidogo", nami nikamsafisha ngozi mpaka mikunjo ya kucheka ikafutika. Mama yao alipokuja kutoka Pangani akaisogelea picha ukutani, akauliza, "Na huyu mgeni ni nani?" Alikuwa anauliza juu ya mwanawe wa kumzaa. Mteja ndiye aliyenisimulia, na mimi sikuwa na la kumjibu. Tangu siku ile mwanga naurekebisha wa picha nzima, rangi ya mtu siigusi, na mteja akishikilia namwambia kazi hiyo sifanyi.

Ndoo na waya ni jambo lingine, hivyo si sehemu ya mtu. Fungua tabaka jipya tupu juu ya picha. Matabaka, wengi tunayaita leya, ndiyo siri ya kazi yote: ni kama karatasi za nailoni zilizopangwa moja juu ya nyingine, ukichora ya juu ya chini haichafuki. Ukiwa kwenye tabaka tupu, chukua zana ya Clone kwa herufi C, kwenye mipangilio yake weka alama kwenye Sample merged, shikilia Ctrl na ubofye mahali penye ukuta safi karibu na waya, kisha achia na upake juu ya waya. Brashi iwe laini pembeni. Badilisha mahali unapochota kila baada ya mipako michache, la sivyo doa moja la ukuta litajirudia na jicho litaligundua. Ndoo ilinichukua kama nusu saa, kwa sababu ilifunika mpaka wa ukuta na sakafu, na mpaka ule ilibidi niufuate polepole.

Sasa kisutu. Hapa usiharakishe, maana pambo lote linatoka kwenye hatua hii.

Kanga ipigwe pasi kwanza, ikiwezekana ikiwa na unyevu kidogo. Kunjo moja dogo kwenye kitambaa ni mstari wa kijivu kwenye fremu. Itandaze sakafuni karibu na mlango, mahali penye mwanga wa nje lakini pasipopigwa na jua moja kwa moja. Mimi hufanya saa nne asubuhi, upande wa barazani. Weka vijiwe vidogo kwenye pembe nne, nje kidogo ya kitambaa, ukivute kikae sawa. Panda juu ya kiti imara, shika simu katikati ya kanga, ilale sambamba na sakafu, upige bila flashi na bila kuvuta karibu. Piga mara tano au sita. Kisha chukua futi ya fundi upime: urefu, upana, na unene wa pindo. Kisutu kile kilikuwa sentimeta 150 kwa 110, na pindo lake sentimeta 14. Andika namba hizo kwenye karatasi, utazihitaji sasa hivi.

Hata ukijitahidi vipi, kanga kwenye picha itakuwa imepinda kidogo, upande mmoja mpana kuliko mwingine. Fungua picha yake kwenye GIMP, chukua zana ya Perspective kwa Shift na P. Kwenye mipangilio chagua Corrective (Backward), na kwenye Clipping chagua Clip. Vuta vishikio vinne mpaka vikae juu ya pembe nne za kanga, halafu bofya Transform. Kanga inanyooka na kujaza picha nzima, sakafu inaondoka. Ni kama mtu ameivuta kwa mikono minne.

Uwiano wake sasa haujawa sawa, na ndipo ile futi inaposaidia. Nataka sentimeta 14 za pindo ziwe pikseli 300. Basi sentimeta moja ni pikseli 21 na ziada, 150 inakuwa 3214, na 110 inakuwa 2357. Nenda Image, kisha Scale Image, fungua kile kipingu kinachofunga upana na urefu, uandike namba hizo mbili.

Fremu sitengenezi kwa kanga nzima. Nachukua robo moja, ile pembe iliyopigwa pasi vizuri kuliko zote, kisha naigeuza. Pindo la kisutu lina mpangilio unaojirudia pande zote, kwa hiyo robo ikipinduliwa kushoto kulia na juu chini, unapata mzunguko kamili na mishono inakutana yenyewe. Tuseme pembe nzuri ni ya juu kushoto. Kwa zana ya mstatili, herufi R, chagua kuanzia pembeni kabisa, pikseli 1500 kwa 1178, unakili kwa Ctrl na C. Fungua picha mpya ya 3000 kwa 2400, ubandike kwa Ctrl na V. Kwenye toleo la 3 inakaa yenyewe kama tabaka, kwenye 2.10 inaelea, na utabofya kile kitufe cha tabaka jipya chini ya orodha ya matabaka ili itulie. Livute tabaka liwe 1500 kwa 1200 kamili, kipingu kikiwa wazi. Umelivuta kwa pikseli 22 tu, hakuna jicho litakaloona.

Ondoa mji. Kwenye menyu ya Layer, sehemu ya Transparency, bofya Add Alpha Channel, ili utakachofuta kiache uwazi na kisiache rangi. Chora mstatili unaoanzia 300 kutoka kushoto na 300 kutoka juu, ukubwa 1200 kwa 900, ubonyeze Delete. Kisha ondoa uteuzi kwa Ctrl, Shift na A. Ukisahau, zana zote zitafanya kazi ndani ya mstatili ule tu, na utadhani programu imekwama. Sasa una pindo lenye umbo la kona.

Lirudufu kwa Ctrl, Shift na D. La pili ligeuze kwa Layer, Transform, Flip Horizontally, ulisogeze kulia. Yaunganishe hayo mawili kwa Merge Down, urudufu tena, safari hii Flip Vertically, ulisogeze chini. Kwenye menyu ya View weka alama kwenye Snap to Canvas Edges ili tabaka linase lenyewe kwenye ukingo. Unganisha yote yawe tabaka moja, ulipe jina "pindo". Kuza skrini mpaka asilimia 200 upite juu ya mishono yote minne. Ukiona mstari mwembamba mweupe, tabaka moja limekaa pikseli moja mbali. Lirudishe kwa mshale wa kibodi.

Rudi kwenye picha ya bibi na mjukuu. Edit, kisha Copy Visible, inachukua picha pamoja na usafi wote uliofanya juu yake. Ibandike kwenye fremu, ivute iwe 2420 kwa 1815, kubwa kidogo kuliko dirisha ili pasibaki upenyo, uiburure kwenye orodha ya matabaka mpaka ikae chini ya pindo. Mara moja inaonekana kama imeshonewa ndani.

Hapa niliona tatizo ambalo huliona mara nyingi. Wekundu wa pindo ulikuwa mkali, jicho likaenda pembeni kabla ya kwenda usoni. Nikachagua tabaka la pindo, Colors, Hue-Saturation, nikashusha Saturation hadi hasi 15. Ilitosha. Halafu kwenye Filters, Light and Shadow, nikaweka Drop Shadow: X na Y sifuri, Blur radius 25, Opacity 0.4. Kivuli kinadondoka kutoka kwenye pindo kuja juu ya picha, na picha inaonekana imezama ndani kidogo, kama kioo kwenye fremu ya mninga. Usizidishe kivuli. Kikiwa cheusi sana kinafanana na masizi.

Kwenye Filters kuna pia sehemu inaitwa Decor, ina mipaka ya rangi, kona za mviringo, picha ya kizamani, hata madoa ya kahawa. Kona za mviringo nazitumia kwa kadi za watoto. Madoa ya kahawa siyaweki kwenye picha ya mtu hata akiyaomba; picha ya mzazi hatuichafui.

Limebaki jina. Kisutu alichokileta hakikuwa na maandishi, na nilishukuru, kwa sababu niliwahi kuponzwa na jina la kanga. Familia moja ilitaka picha ya pamoja iwekwe ndani ya kanga ya mama yao. Nilipiga kanga nzima na maneno yake, nikayaacha yasomeke chini ya miguu yao: HASIDI HANA SABABU. Mimi niliona kanga nzuri. Mawifi walioonekana kwenye picha wakaona wametajwa. Kila mmoja alijua ile kanga ilinunuliwa lini na kwa ajili ya ugomvi gani, mimi tu ndiye sikujua. Nilichapa upya kwa gharama yangu, nikaenda mwenyewe kumwomba radhi mkubwa wao. Sasa kila kazi yenye maneno namsomea mteja kwa sauti, tena namwuliza nani watakaoiona picha hii.

Binti aliniambia maneno yake mwenyewe: DUA YA BIBI IMENIFIKISHA. Kwenye kanga jina hukaa juu kidogo ya pindo la chini, kwa herufi kubwa, nene, zisizo na mapambo. Nikafuata hivyo hivyo. Nilitengeneza tabaka jipya chini ya pindo na juu ya picha, nikachora mstatili wa 2400 kwa 150 unaogusa pindo la chini, nikaujaza rangi nyeupe. Nyeupe tupu ilipiga kelele, nikaichota rangi kwa zana ya kudondoa, herufi O, kutoka kwenye weupe wa kisutu chenyewe, ambao baada ya kufuliwa una umanjano kidogo. Juu yake maandishi kwa herufi T, ukubwa pikseli 90, rangi nyeusi, nafasi kati ya herufi imeongezwa kidogo. Ukanda ule ulifunika sehemu ya mkeka tu. Kama ungefunika vidole vya bibi ningeipandisha picha juu, au ningeliacha jina kabisa.

Kwa picha za tanzia nafanya machache zaidi: mwanga, pindo jembamba la rangi moja iliyotulia, jina la marehemu na miaka yake. Familia hukaa na picha ile miaka mingi, na wakiitazama wanamtafuta yeye.

Hifadhi kwa Ctrl na S kwanza. GIMP itahifadhi faili la XCF, na humo matabaka yote yanabaki huru, ili mteja akisema jina lina kosa la herufi unarudi na kusahihisha kwa dakika moja. Baada ya hapo ndipo unatoa JPEG kwa Ctrl, Shift na E, ubora 92. Faili la XCF usilifute hata kama mteja ameshachukua kazi. La binti huyu lilirudiwa wiki ya pili, mama yake alipotaka moja ya kwake.

Chapa ya mwisho ina hatari yake. Mashine nyingi za studio hukuza picha kidogo na kukata milimita mbili tatu za ukingo, nazo hazikati sawa pande zote, na kwenye pindo la kanga hilo linaonekana palepale: kushoto duara zima, kulia nusu. Mwambie mchapaji aache ukingo mweupe kuizunguka picha, halafu ukingo huo ukate mwenyewe kwa rula ya chuma na wembe mpya. Mimi kwanza nilichapa ya jaribio, ndogo, inchi 4 kwa 6, nikaibandika ukutani dukani nikafunga mlango nikaenda nyumbani. Asubuhi nilipofungua niliitazama nikiwa bado mlangoni. Nilimwona bibi kwanza, kisha mkono wake juu ya mkono wa mjukuu, kisutu kikafuata nyuma. Nikawasha kompyuta, nikapeleka faili la inchi 8 kwa 10.